Picha za Bi Harusi Safarini: Yaliyonifika Wete na Ninavyofunga Sasa

 

Tangu nianze kutuma picha za wateja ndani ya vifuko vya kushona, maswali hayaishi. Mbona unashona picha kama unashona mto? Bahasha haitoshi? Na hiyo bei ya kushona nani anailipa? Leo nimekaa nijibu yote, lakini jibu lenyewe linaanzia Wete, juu ya kaunta ya duka la watu, kwa hiyo mnivumilie kidogo.

Mimi ni mshoni kwanza. Nilimaliza skuli fomu 4, matokeo hayakunipeleka mbele, mama akanipeleka kozi ya ushoni, na mpaka leo cherehani ndiyo inayolipa kodi ya nyumba. Kazi ya picha iliingia kwa mlango wa nyuma. Nashona magauni ya bi harusi, na siku ya kupambwa huitwa nikae pale na sindano mkononi, maana hakuna gauni lisilotaka kubanwa dakika ya mwisho. Huko ndani ndiko nilikoona tatizo. Bi harusi kapambwa, nywele zimetengenezwa, mikono na miguu imejaa hina na piko, kichwa wazi, mabega wazi, yuko na wanawake wenzake. Anataka picha ya kumbukumbu. Kupiga si shida tena, wapiga picha wanawake wapo siku hizi. Lakini picha zikishapigwa zinakwenda kuchapishwa wapi? Studio. Na aliyekaa mbele ya kompyuta ya studio ni nani? Kijana wa kiume, na nyuma yake rafiki zake wawili waliokuja kupiga soga.

Nikanunua printa ya wino ya kuchapia picha, nikaiweka chumba cha ndani pembeni ya cherehani. Ahadi yangu kwa mteja ilikuwa moja: picha yako hataiona mwanamme tangu inapotoka kwenye kadi ya kamera mpaka inapofika mkononi mwako. Wateja wakaja, kwanza wa mjini, kisha wa shamba, kisha Pemba, Dar es Salaam, Mombasa, na ndugu zetu walioko Oman ambao harusi huja kufanya nyumbani na kurudi kabla picha hazijawa tayari. (Najua wapo wanazuoni wanaokataza picha na wapo wanaoruhusu. Mimi si mtu wa kutoa fatwa. Kila mmoja amuulize anayemwamini kwa elimu yake.)

Sasa, picha ni kitu chepesi, na wepesi huo ndio ulionidanganya. Picha moja ya sentimita 10 kwa 15, ile saizi ya postikadi, kwa karatasi ya gramu 260 kwa mita ya mraba, haifiki gramu 4. Mia moja kwa pamoja ni kama gramu 390. Nikajiambia kitu kama hiki kitataka nini zaidi ya bahasha ya kaki na kipande cha boksi? Kwa miezi mingi nilituma hivyo na zilifika. Nikaamini kuwa nimejua kufunga, kumbe nilikuwa na bahati tu.

Ilikuwa masika. Bi harusi mmoja wa Wete alikuwa na picha 80. Nilizichapisha jioni, nikazitia bahasha usiku, asubuhi nikazipeleka bandarini kwa wakala. Boti ikafika Mkoani, mzigo ukapandishwa gari kwenda Wete, na mvua ilikuwa haina huruma siku ile. Sijui ililoa wapi, kwenye boti, juu ya gari au kizingitini kwa wakala, na siwezi kumsingizia mtu. Ilipofika dukani bahasha ilikuwa imeshaachia gundi na maji yanachuruzika. Kijana wa duka akaona mali ya watu inaharibika. Akazitoa zote, akazitenganisha moja moja, akazitandaza juu ya kaunta chini ya feni zikauke.

Alifanya wema. Hili nalisema kila nikisimulia, maana wasikilizaji hupenda kumtafuta mbaya. Angekuwa mbaya angeziacha zioze humo humo, au angetoa simu yake mfukoni akazipiga. Lakini mama wa bi harusi alipokuja kuchukua mzigo alimkuta mwanawe kaenea kaunta nzima, kichwa wazi, mabega wazi, na wanaume wanne watano wamesimama wanangoja mizigo yao.

Alinipigia simu pale pale. Hakupiga kelele, na ningeshukuru kama angepiga. Alisema, "Mwanangu, wewe ulituambia vipi?"

Nikasema, "Mama, niliwaambia hataziona mwanamme."

"Basi mimi nimewakuta wanaziona." Akakata.

Nilikwenda Pemba. Nauli ya kwenda na kurudi ilizidi faida yote ya kazi ile, lakini jambo kama lile huliombei radhi kwa simu. Mama mtu alinipokea, akaniwekea chai na mkate wa kumimina, akanionesha picha. Zilikuwa zimegandana mbili mbili, uso kwa uso, na zilizobanduliwa zilitoka na ngozi ya mwenzake. Wino ulikuwa umetembea, shela jeupe limeingia madoa ya zambarau. Katika 80 zilizobaki kutazamika hazikufika 20. Bi harusi mwenyewe hakutoka chumbani. Nilisikia mlango ukifungwa, basi.

Nikasema nitazichapisha zote upya bila malipo. Hapo ndipo nilipokumbuka jambo lililonikausha mate. Mafaili nilikuwa nimeshayafuta. Ndiyo ilikuwa sifa yangu, kwamba nikimaliza nafuta, na mpiga picha naye alikuwa ameshasafisha kadi yake kwa ahadi ile ile. Nilirudisha pesa, lakini harusi hairudiwi. Yule binti kumbukumbu yake ya siku ile ni zile picha chini ya 20 zenye madoa.

Mnaijua aya ya amana katika Suratun Nisaa, aya ya 58, tunavyoamrishwa kuzifikisha amana kwa wenyewe. Nilikuwa naisoma tangu chuoni. Kwenye boti ya kurudi nilikaa nje na upepo wangu nikawa nafikiri neno moja tu, kufikisha. Mimi nilikuwa nakabidhi bandarini, halafu nahesabu nimefikisha.

Basi, tuje kwenye kufunga. Sikuwa na pesa ya kununua vifungashio vya kisasa vinavyokuja kutoka nje, na hata ningekuwa nazo mteja asingekubali kulipa. Nilichokuwa nacho ni cherehani, mabaki ya vitambaa na ujirani mwema na wenye maduka.

La kwanza halina gharama: subira. Picha ya wino huonekana imekauka ikitoka tu kwenye printa, lakini kwa ndani bado inatoa unyevu, na hewa yetu ya pwani haisaidii. Sasa nazitandaza chumbani saa 24 kabla ya kuzigusa, masika hata zaidi, na anayetaka leo kwa leo namwambia aende kwingine. Kisha nazipanga zote zikiangalia upande mmoja, uso wa hii kwenye mgongo wa ile. Kosa langu la Wete nilizipanga uso kwa uso, nikidhani nazilinda zisikwaruzwe. Kila baada ya picha 10 natia karatasi nyeupe safi. Msitie gazeti, wino wake unahamia.

La pili ni boksi, na hapa ushoni umenifaa kuliko nilivyotarajia. Kila aliyekata gauni anajua kitambaa kina ulalo wake. Ukikata bila kuufuata, nguo inavutika upande. Boksi nalo ni hivyo hivyo. Chungulia ukingo wake utaona mifereji midogo midogo imekwenda upande mmoja. Likunje kwa kufuata mifereji, linakunjika kama daftari. Likunje kwa kuikata mifereji, linakataa. Mimi zamani nilikuwa natia kipande kimoja, na mtu akiegemeza gunia juu yake picha zote zinapata mkunjo mmoja katikati. Sasa nakata vipande viwili, kimoja mifereji imesimama, cha pili imelala, picha zinakaa katikati yao. Kila kipande kinazidi picha kwa sentimita 1 kila upande, ili kona za boksi ndizo ziumie, si kona za picha. Maboksi napewa bure na duka la jirani. Naomba ya biskuti au ya daftari. La sabuni linaacha harufu, na lililobeba mafuta usilikaribishe kabisa.

Ndani yake natia pia vile vipakiti vya chembechembe vinavyokuja kwenye viatu na mikoba mipya, vya kunyonya unyevu. Mashoga zangu wote nimewaambia wasitupe. Ila viwe vizima, na nyumba zenye watoto wadogo mviangalie.

La tatu ndilo mnaloniulizia, kifuko. Nilijaribu nailoni nikaona haina maana, unaona kila kitu kilichomo ndani, na mifuko ile ya rambo hapa kwetu ilishapigwa marufuku, na Tanzania Bara nao waliipiga marufuku tangu 1 Juni 2019. Nikakijaribu kitambaa cha kawaida: hakionyeshi ndani, lakini maji kinayanywa. Siku moja nipo Darajani nanunua kitambaa cha meza cha mpira, kile tunachotandika tusimwagie mchuzi, nikasimama katikati ya duka. Hakipitishi maji. Hakionyeshi ndani. Kinauzwa kwa mita. Na kinashoneka.

Kinashoneka, lakini kina ubishi. Kwanza kinanata kwenye mguu wa cherehani, hakisogei. Weka karatasi nyembamba juu yake, shona pamoja na karatasi, kisha ichane. Pili, hatua ya mshono iwe ndefu. Ukishona kwa hatua fupi kama unavyoshona pamba, sindano inatoboa tundu jirani jirani mpaka mpira unachanika wenyewe kama karatasi ya stempu. Tatu, kila tundu la sindano ni njia ya maji, kwa hiyo naukunja ukingo mara mbili kabla ya kushona, halafu napitisha kipande cha mshumaa juu ya mshono wote mpaka uwe unateleza. Nilikijaribu kifuko cha kwanza kwa kukizamisha kwenye ndoo na karatasi kavu ndani yake. Nilikitoa baada ya muda wa sala ya laasiri na nyiradi zake, karatasi ilikuwa kavu. Mita moja inanitolea vifuko vingi, na gharama ya kimoja ni ndogo kuliko ya bahasha nzuri ya dukani. Msishangae nikisema kuwa kufunga hivi kumekuwa rahisi kwa bei kuliko nilivyokuwa nafunga zamani.

Kinashonwa pande zote nne. Hakuna zipu, hakuna kifungo, hakuna gundi ya kuachia. Bibi yangu aliponiona akacheka, akaniambia vifurushi vilivyokuja zamani kutoka Bara Hindi vilikuwa vimeshonwa kwa kitambaa vivyo hivyo, na lakiri juu ya mshono. Mimi lakiri sina. Ninachofanya ni kubadilisha rangi ya uzi kila mzigo, nikimaliza naupiga picha mshono, namtumia mteja. Kikifika anatazama: rangi ile ile, mshono ule ule? Mtu akifumua akashona upya, matundu ya zamani kwenye mpira hayazibiki, yanaonekana. Naacha sentimita 2 tupu kuzunguka ndani ili mkasi wa kufungulia usifike kwenye picha. Kuna mteja alifungua kwa meno, huyo sina la kumsaidia.

Juu ya kifuko ndiyo naweka bahasha ya kaki yenye jina, simu na mahali. Kaki ikiloa iloe, ichanike ichanike, kazi yake ni kubeba anwani tu. Na anwani hiyo naiandika tena juu ya kifuko chenyewe kwa kalamu isiyofutika.

Sasa nauli, maana hapo ndipo wengi mnapoumia.

Kwa Pemba nimeacha kutuma kila mzigo peke yake. Natuma mara moja kwa wiki, vifuko vyote kwenye kikapu kimoja, na kinapokelewa Chake Chake na dada mmoja anayeuza udi na manukato. Wateja wanajua ni Alhamisi. Nauli ya kikapu inagawanywa kwa waliomo, kila mmoja analipa kidogo, na yule dada napatia chake kwa kila kifuko. Wateja wengi wanapokwenda kuchukua picha wananunua na udi, kwa hiyo hajanilalamikia. La muhimu kwangu ni kwamba kikapu kikitoka kwenye boti, mwenye kukifungua ni mwanamke. Dar es Salaam nina mpango wa namna hiyo hiyo, ila wateja wa huko hawapendi kungoja, wengi wanalipia wenyewe.

Nchi za nje ni hesabu nyingine. Mara ya kwanza kutuma Muscat nilitia picha kwenye boksi la viatu, nikajaza mabaki ya vitambaa pembeni zisitikisike, nikaona nimefanya la maana. Kampuni ya usafirishaji wa haraka ikapima, ikaniambia bei ya kilo na zaidi. Nikasema mzigo wangu haufiki kilo! Kumbe makampuni haya hayapimi uzito tu, yanapima na nafasi: urefu mara upana mara kimo kwa sentimita, wengi wanagawa kwa 5,000, jibu ndiyo kilo, na katika hizo mbili wanachukua iliyo kubwa. Boksi langu lilikuwa 33 kwa 20 kwa 12. Pigeni hesabu, ni karibu kilo 1 na gramu 600. Nilikuwa nimelipia hewa ndege imebeba. Kifuko changu cha sasa cha picha 100 ni kama 20 kwa 15 kwa 5, kwa hesabu hiyo ni gramu 300, na kwenye mzani wa jikoni kinakaa chini kidogo ya nusu kilo. Na hiyo nusu kilo muishike, kwa sababu wengi wao wanapandisha mpaka nusu kilo inayofuata. Ukizidisha gramu 20 umelipia kilo nzima. Nimewahi kumwambia mteja apunguze picha 10 za meza za chakula, akakubali, maana pilau ile ile imepigwa mara kumi.

Asiye na haraka namshauri Posta. Bei yake ni nafuu, mzigo mdogo unajaziwa fomu ya forodha, ile CN 22, na pale pa kuandika kilichomo naandika ukweli: picha zilizochapishwa, na thamani yake. Kuna waliowahi kunishauri niandike "nyaraka" ili zisifunguliwe. Siwezi kuanza kulinda sitara ya mtu kwa uongo.

Lakini forodha wana haki ya kufungua, hilo lazima tulikubali, na mshono wangu hautawazuia. Ninachofanya ni kujiandaa nao. Juu kabisa ya picha natia tatu za mikono yenye hina na maua ya asumini, ambazo hata akiziona mtu hakuna kilichoharibika, kisha karatasi nyeupe, na juu ya karatasi nimeandika kwa Kiswahili, Kiarabu na Kiingereza kwamba humu mna picha za wanawake za ndani ya nyumba, na kama ni lazima zifunguliwe, tunaomba afungue mwanamke. Namwambia mteja mapema kuwa hiyo ni ombi, si ahadi. Ahadi yangu siku hizi nimeipunguza ukubwa. Nasema nitafanya kila linalowezekana, na nawaambia wapi pasipowezekana. Wawili watatu wameghairi baada ya kusikia, na ni haki yao.

Njia ya bure ni kumpa mtu anayesafiri, na kwa sisi wa Unguja na Oman haikosekani shangazi anayekwenda. Hapa nina sharti. Simpi mtu kifuko kilichoshonwa tayari. Uwanja wa ndege akiulizwa umebeba nini ajibu nini? Si haki kumbebesha mtu asichokijua. Kwa hiyo nampa mwanamke, anakuja nyumbani, anaona picha zinavyoingia, nashona yeye amekaa. Mashine ya kukagulia mizigo haizidhuru picha zilizokwisha kuchapishwa, mmeniuliza hilo pia. Inayoogopa mionzi ni filamu ya zamani ambayo haijasafishwa.

Albamu situmi, ni nzito kuliko picha zenyewe mara nyingi. Fremu za kioo msiniombe. Picha kubwa za kutundika nazizungushia kwenye bomba la karatasi ngumu ambalo majora ya vitambaa huja yamezungushiwa; wenye maduka ya Mchangani wanayatupa. Chagueni bomba nene, jembamba linaipasua picha uso.

Dada mmoja aliniandikia akaniuliza, taabu yote hii ya nini, si utume mafaili kwa WhatsApp akachapishe huko huko aliko? Kwa picha za kawaida, sawa kabisa, na ukituma kama dokumenti hata ubora haupungui. Ni rahisi zaidi, sitaki kuwadanganya ili nipate biashara. Lakini mwenye picha za ndani atazipeleka kwa nani kuchapisha? Atarudi kwenye studio ile ile niliyoikimbia, na nakala itabaki kwenye kompyuta ya mtu asiyemjua, hata hajui imebaki. Kama ana printa nyumbani kwake, basi na atume, Mungu ambariki.

Na mafaili siku hizi siyafuti nikimaliza kuchapisha. Nayahamishia kwenye kadi moja inayokaa ndani ya kabati langu, imefungwa kwa ufunguo, haiunganishwi na intaneti. Mteja akiniambia "zimefika, nimezihesabu, ni nzima," ndipo nafuta, na nikifuta namwambia. Kuna mmoja alisahau kunijibu miezi miwili. Nilimsumbua mpaka akanijibu.

Yule binti wa Wete hajanitumia kazi tena. Nilimsikia amejifungua, nikatuma salamu na kanzu ya mtoto niliyoishona mwenyewe, salamu zilirudi kwa mama yake. Lakini mwaka huu mdogo wake ameolewa, na mama akanipigia. Nikamweleza habari ya vifuko, kikapu cha Alhamisi, dada wa Chake Chake, rangi ya uzi. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Inshaallah nitakuja mwenyewe."

Akaja, kwa boti. Nikamwekea kiti pembeni ya cherehani. Alizihesabu picha moja moja, 60, akazitazama nyuma na mbele, akaninyooshea. Nikaweka boksi, nikafunga, nikashona upande wa kwanza, wa pili, wa tatu. Wa nne akaniambia ngoja. Akakichukua kifuko, akatia mkono ndani, akazihesabu tena kwa vidole bila kuzitoa. Kisha akanirudishia. Nikashona, nikapitisha mshumaa, nikakata uzi. Uzi ulikuwa wa kijani. Alikitia kwenye mkoba wake, na kwa alivyoniambia baadaye kwa simu, kutoka Malindi mpaka mlangoni kwake mkoba ule aliupakata mapajani, hakuuweka chini hata alipokuwa anatapika.